Paul Galvin, aliyeiingiza redio barabarani

Fundi wa Kunduchi anapofunga redio yenye sura ya kizamani kwenye lori kuukuu, kinachomtoa jasho ni kelele. Injini ikiwaka tu, redio huanza kuvuma na sauti ya mtangazaji humezwa. Leo tunamkumbuka mtu aliyepambana na kelele hiyo karibu miaka mia moja iliyopita.

Paul Galvin alizaliwa mwaka 1895 katika mji mdogo wa Harvard, jimbo la Illinois, Marekani. Biashara yake ya kwanza ya betri ilikufa mwaka 1923, na ya pili haikudumu. Hakukata tamaa. Septemba 1928, yeye na ndugu yake Joseph walianzisha kampuni nyingine mjini Chicago, wakiwa na dola 565 tu.

Mwaka uliofuata uchumi wa Marekani ulianguka. Galvin akageukia redio za magari. Wengine walikuwa wamemtangulia, lakini redio zao zilikuwa ghali na kuzifunga kulichukua siku kadhaa. Tena cheche za plagi ziliharibu usikivu. Mafundi wake walihangaika hadi wakaipunguza kelele hiyo.

Juni 1930 Galvin aliendesha gari lenye redio yake kutoka Chicago hadi Atlantic City, zaidi ya kilomita 1,200, kwenye mkutano wa watengenezaji wa redio. Hakuwa na banda la maonyesho. Aliegesha nje, akafungulia sauti, wapita njia wakasogea kusikiliza. Oda zikaanza kuja. Redio hiyo aliiita Motorola, na mwaka 1947 kampuni nzima ikachukua jina hilo. Galvin alifariki Novemba 1959.

Tatizo alilopambana nalo halijaisha. Lori la dizeli halina plagi za cheche, lakini altaneta yake nayo huvumisha redio. Kwa hiyo waya wa umeme utoke moja kwa moja kwenye betri, uwe na fyuzi, na upite mbali na waya wa antena. Kitako cha antena kiguse chuma kitupu kilichokwanguliwa rangi, kwa sababu bodi ya gari ni sehemu ya antena. Na kama lori ni la volti 24 na redio ni ya volti 12, weka kwanza kifaa cha kupunguza umeme, la sivyo redio itaungua kabla hujasikia hata salamu zetu.