Padri Guido Haazen na misa iliyotoka Kamina

Tarehe 23 Machi 1958, waamini waliokuwa ndani ya kanisa la misioni ya Mtakatifu Bavo, hapa Kamina, walisikia Kyrie ikiimbwa pamoja na ngoma. Maneno yalikuwa ya Kilatini, sawa siku zote. Lakini sauti ilikuwa ya kwao. Hapo ndipo Missa Luba iliimbwa mara ya kwanza ndani ya ibada.

Padri aliyefungulia ngoma mlango alikuwa Guido Haazen, Mfransisko, aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1921. Alifika Kamina mwaka 1953 kuongoza masomo ya watoto. Wakati ule, misioni nyingi zilihesabu ngoma kuwa kitu cha kipagani. Mtu alicheza kijijini, kisha akiingia kanisani, ananyamaza na kuimba kizungu.

Haazen alifanya tofauti: alisikiliza. Alianzisha kwaya ya watoto karibu 45, wa miaka 9 mpaka 14, pamoja na waalimu kama 15. Kisha Mfalme Baudouin kutembelea Kongo mwaka 1955, kwaya ikapewa jina lake: Les Troubadours du Roi Baudouin.

Misa yenyewe haikutoka kwenye kitabu. Watoto na waalimu waliitunga kwa kuimba tu, bila noti. Mwalimu Joachim Ngoi ndiye alianzisha, wengine wanaitikia. Kyrie, Gloria na Credo zilifuata kasala, wimbo wa kilio wa Waluba. Sanctus ilifuata wimbo wa kuagana wa Bena Lulua. Lakini Hosana ilipofika, mdundo ukawa wa kucheza wa Kasaï. Imani ilianzia kwenye kilio cha matanga, ikafika kwenye furaha, na kanisa halikuanguka.

Mwaka ule ule wa 1958 kwaya ilienda Ulaya. Iliimba kwenye maonyesho makubwa ya Bruxelles, ikafika Uholanzi na Ujerumani. Diski ya Missa Luba ikauzwa fasi nyingi, na mwaka 1968 Sanctus yake ikasikika ndani ya filamu ya Kiingereza, if....

Kanisa lenyewe lilifuata nyuma. Mtaguso wa pili wa Vatikano ulikubali muziki wa mataifa mwaka 1963. Roma ikapitisha ibada ya misa ya Zaïre mwaka 1988. Watoto wa Kamina walikuwa wamekwisha kutangulia.

Padri Haazen alikufa mwaka 2004. Jina lake ndilo dunia inakumbuka, na ni haki. Lakini yeye alileta sikio na ruhusa. Wimbo ulitoka kwa wale waalimu na watoto, ambao wengi wao majina hayajulikani. Leo kwaya inapopiga ngoma kanisani, watu wanasimama na kucheza bila woga. Kuna wazee wa Kamina waliofungua ile njia wakiwa wangali watoto wa masomo.