Sertürner, kijana wa duka la dawa aliyegundua mofini

Wadau, jina la Friedrich Sertürner wengi wetu hatulijui. Ila mbwia unga akikutwa amekufa na damu yake ikapelekwa maabara, kimojawapo kinachopimwa ni kitu alichokigundua huyu Mjerumani.

Alizaliwa Neuhaus mwaka 1783, chuo kikuu hakusoma. Akiwa na miaka 21 hivi, msaidizi tu wa duka la dawa mjini Paderborn, akaanza kuchokonoa afyuni ajue ni nini hasa ndani yake kinacholaza watu. Akapata chembe nyeupe, akawapa mbwa, wakalala. Akaandika, wakubwa wa sayansi hawakumjali.

Mwaka 1817 akatangaza jaribio la ajabu, sijui nani angeliruhusu leo. Yeye na vijana watatu, wote wasiozidi miaka 17, walimeza kama miligramu 30 za mofini. Nusu saa baadaye 30 nyingine, na baada ya robo saa tena 30. Kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito. Jamaa akaona hapa tunakufa, wakabugia siki ili watapike.

Sasa hapo ndipo penyewe. Dozi iliyowaangusha hawa wasioizoea, mgonjwa wa saratani aliyepandishiwa taratibu anaweza kuipita kwa siku moja na bado akapiga stori na wajukuu. Kwa hiyo namba ya mofini kwenye damu, peke yake, haisemi nini kimeua. Teja akitoka jela mwili umeshasahau, dozi yake ya zamani inammaliza, wakati mwenzake mwenye kiwango kilekile anatembea mtaani.

Halafu dawa yenye kodeini nayo hugeuka mofini kwenye ini. Na maiti nayo inadanganya bwana! Damu ya moyoni inaweza kuonyesha mofini nyingi kuliko ya pajani, ndiyo maana wajuzi huchukua ya pajani. Wakitaka uhakika kwamba ni heroini, husaka masalia yake yaitwayo 6-MAM. Hayo hupotea haraka kwenye damu, hivyo hutafutwa pia kwenye mkojo au maji ya jicho.

Sertürner hayo hakuyaona. Wafaransa walimpa tuzo mwaka 1831, akafariki Hameln tarehe 20 Februari 1841, akiwa na miaka 57. Heroini ilikuja kutengenezwa mwaka 1874, London, kutokana na mofini hiyohiyo.