Maisha ya Bwana A. S. Hornby, Mwalimu wa Walimu

Katika maktaba za shule nyingi za sekondari kiko kitabu kimoja kinene ambacho jalada lake huchakaa upesi kuliko vitabu vingine. Kitabu hicho ni ile kamusi ya Oxford iliyotungwa kwa ajili ya wanafunzi wa Kiingereza. Twaikimbilia tunapoandika insha, na mtihani ukikaribia twaigombea. Lakini ni wachache kati yetu wanaolijua jina la mtu aliyeianzisha. Kwa hiyo nimeona vema kuwaeleza wanafunzi wenzangu, walimu na wazazi habari za maisha ya mtu huyo, Bwana A. S. Hornby. Maisha yake yatuonyesha kuwa kuijua lugha ni jambo moja, na kujua kuifundisha ni jambo lingine lenye elimu yake.

Bwana Hornby alizaliwa mwaka 1898 katika mji wa Chester, Uingereza. Alisoma katika University College, London, na mwaka 1922 akapata shahada ya lugha na fasihi ya Kiingereza. Siku zile watu wengi walidhani kuwa kijana wa namna hiyo yu tayari kufundisha Kiingereza mahali popote duniani. Yeye ni Mwingereza, tena amesoma vitabu vya watungaji wakubwa wa kwao. Afundishwe nini tena kuhusu lugha aliyoinyonya kwa mama yake?

Basi Bwana Hornby akafunga safari ya kwenda mbali, na mwaka 1924 alikuwa amekwisha kufika Japani. Kazi yake ilikuwa katika chuo cha biashara mjini Oita, katika kisiwa cha Kyushu, nayo ilikuwa kuwafundisha vijana wa Kijapani fasihi ya Kiingereza. Haukupita muda mrefu akaona kuwa wanafunzi wake hawakuwa na haja kubwa ya fasihi. Walichohitaji kwanza ni lugha yenyewe: namna ya kutunga sentensi iliyo sawa, na kujua neno gani hufuatana na neno gani. Katika mambo hayo shahada yake ya London haikumsaidia sana.

Pengine msomaji atastaajabu, maana Mwingereza atashindwaje kukieleza Kiingereza? Na ajaribu jambo dogo. Amwulize mzee yeyote wa kwetu kwa nini twasema mtoto ameanguka, lakini kiti kimeanguka, na mti umeanguka. Mzee hatakosea hata mara moja katika kusema, lakini akitakiwa kumweleza mgeni sababu yake, atajibu tu kwamba ndivyo tunavyosema. Mtu aliyezaliwa ndani ya lugha huitumia kama anavyotumia miguu yake kutembea, bila kufikiri. Mgeni hawezi kujifunza kwa jibu la namna hiyo. Yahitaji mtu aliyeichungua lugha kama fundi achunguavyo saa, aliyekwisha kuifungua na kuiunganisha tena.

Mtu wa namna hiyo alikuwapo Japani wakati uo huo. Jina lake Harold Palmer, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1877. Bwana Palmer hakupitia chuo kikuu kama mwanafunzi, bali aliipata elimu yake darasani, alipokuwa akifundisha lugha katika nchi ya Ubelgiji. Vita Kuu ya Kwanza vilipoanza mwaka 1914 akaikimbia nchi hiyo, na mwaka 1915 akaanza kutoa mafunzo katika University College, London. Mwaka 1922 alikwenda Japani kuwa mshauri wa Wizara ya Elimu katika mambo ya kufundisha Kiingereza, na mwaka uliofuata chuo cha uchunguzi wa mafundisho ya Kiingereza kikaanzishwa mjini Tokyo chini ya uongozi wake.

Bwana Hornby aliifuata kazi ya Bwana Palmer kwa bidii, na katika miaka ya mwanzo ya 1930 Palmer akamwita ashirikiane naye. Walichunguza maneno yanayotumika zaidi na jinsi yanavyoandamana. Jambo hili sisi tunaosema Kiswahili twaweza kulifahamu kwa urahisi. Twasema kupiga simu, kupiga pasi, kupiga picha na kupiga magoti. Hapana anayepigwa katika hayo yote, na mgeni akitafuta maana ya kupiga peke yake atapotea. Kiingereza nacho kimejaa maandamano ya namna hiyo, na kazi yao ilikuwa kuyakusanya na kuyapanga ili mwalimu aweze kuyafundisha kwa utaratibu.

Mwaka 1936 Bwana Palmer alirudi Uingereza, na Bwana Hornby akaendelea na uchunguzi. Ndipo yeye na walimu wenzake wawili, E. V. Gatenby na H. Wakefield, waliposhika kazi ya kutunga kamusi ya aina mpya. Kamusi kubwa za wakati huo zilitungwa kwa ajili ya Waingereza wenyewe. Mwingereza hufungua kamusi kutafuta maana ya neno gumu asilolijua. Mwanafunzi mgeni hutaka hilo, lakini pia hutaka kujua namna ya kutumia maneno mepesi anayodhani anayajua.

Nitatoa mfano. Kwa Kiswahili twasema niambie maana, na pia nieleze maana. Vitenzi hivyo viwili vyafuata njia moja. Kwa hiyo mwanafunzi wa kwetu, akisha kujua kuwa Kiingereza husema tell me the meaning, huandika pia explain me the meaning. Mwalimu hupiga mstari mwekundu, kwa sababu kitenzi cha pili hakiipiti njia hiyo. Sharti iwe explain the meaning to me. Kamusi inayotoa maana peke yake haiwezi kumwokoa mwanafunzi huyo. Bwana Hornby na wenzake walivipanga vitenzi vya Kiingereza katika mifano 25 ya sentensi, na mbele ya kitenzi wakaonyesha ni mifano ipi kinayoifuata. Hali kadhalika walionyesha majina yanayoweza kuhesabiwa na yasiyoweza, ili mwanafunzi ajue kuwa furniture na information hayaongezwi herufi ya wingi, ijapokuwa kwetu samani huhesabiwa bila shida.

Kazi hiyo ilipokwisha, vita vikaingia. Mwezi Desemba mwaka 1941 Japani ilianza kupigana na Uingereza na Marekani, na Bwana Hornby, kwa kuwa alikuwa Mwingereza, akawekwa kizuizini. Alikuwa amekaa katika nchi hiyo zaidi ya miaka 15, akiwafundisha vijana wake. Mwaka 1942 alirudishwa kwao pamoja na raia wengine waliobadilishwa kati ya nchi hizo. Na mwaka uo huo kamusi yake ilitolewa Tokyo na wachapaji wa Kijapani. Hebu fikirini, wasomaji: kitabu cha kufundisha Kiingereza, kilichotungwa na Waingereza, kilitoka katika mji mkuu wa nchi iliyokuwa ikipigana na Uingereza! Serikali zilikuwa zimegombana, lakini kazi njema ya mwalimu haikutupwa.

Bwana Hornby hakukaa kitako kusimulia taabu zake. Mwaka 1942 aliingia katika kazi ya British Council, akapelekwa Iran kufundisha katika Chuo Kikuu cha Tehran na kuwaandaa walimu wa Kiingereza. Baada ya vita alifanya kazi London, na mwezi Oktoba mwaka 1946 akaanzisha jarida la walimu wa Kiingereza, ambalo kwalo mwalimu aliyeko nchi moja aliweza kusoma maarifa ya mwenzake aliyeko nchi nyingine. Mwaka 1948 kamusi yake ikatolewa na Oxford University Press, nayo ikaenea duniani. Mwaka 1950 aliacha kazi ya ofisi ili apate nafasi ya kuandika vitabu. Vitabu hivyo vilikuwa vya wanafunzi, na vingine vya kuwaongoza walimu.

Wakati huo watu walianza kukubali kuwa kufundisha Kiingereza kwa wenye lugha nyingine ni elimu kamili, ambayo mtu mwenye shahada anaweza kurudi chuoni kuisomea. Mwaka 1957 Chuo Kikuu cha Edinburgh kilifungua idara yake kwa ajili ya masomo ya namna hiyo, na siku hizi vyuo vikuu vingi hutoa shahada ya pili katika kazi hii. Anayeisoma hujifunza sauti za lugha na sarufi yake, jinsi akili ya mtu inavyoipokea lugha ya pili, utungaji wa mitihani na vitabu, na uongozi wa darasa. Hayo ndiyo mambo ambayo kijana Hornby alipofika Oita hakuwa nayo, ikambidi ayatafute mwenyewe kwa miaka mingi.

Naona hiyo ndiyo sababu ya tendo lake kubwa kuliko yote. Kamusi ilipomletea mali, Bwana Hornby hakuishika yote kwa nafsi yake. Mwaka 1961 alianzisha wakfu wenye jina lake, akautengea sehemu kubwa ya mapato ya vitabu vyake, ili walimu wa Kiingereza kutoka nchi mbalimbali wapate msaada wa kwenda Uingereza kusoma zaidi. Alitaka fedha hizo zitumike kwa elimu, na faida yake irudi katika nchi zile zile zilizonunua kamusi. Walimu wengi wamesaidiwa na wakfu huo, na baadhi yao wamesomea shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Warwick. Bwana Hornby mwenyewe alifariki mwezi Septemba mwaka 1978, akiwa na umri wa miaka 80, lakini wakfu wake ungali ukifanya kazi.

Jambo hili latuhusu sana sisi wanafunzi wa sekondari. Wengi wetu tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha tulipoingia Kidato cha Kwanza tukakuta hesabu, biolojia na historia vyote vyafundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi asiyepata mwalimu anayejua kumvusha katika mto huo huanguka katika masomo yote, wala si Kiingereza peke yake, na huenda akadhaniwa hana akili, kumbe ana akili ila hana daraja.

Kwa hiyo, wazazi wetu, mkisikia kuwa mwalimu mwenye shahada anaomba ruhusa kurudi chuoni, msiseme kuwa anapoteza miaka au kwamba anakimbia kazi. Fundi anoaye msumeno hajaacha kazi. Na ninyi wenzangu wa Kidato cha Nne, ambao baadhi yenu mwafikiri kuwa walimu, msidhani kuwa kusema Kiingereza kwa ufasaha kwatosha. Bwana Hornby alikuwa nacho tangu utotoni, na bado alikuta kuwa ana mengi ya kujifunza kabla hajaweza kumsaidia mtoto wa mtu mwingine. Elimu haina mwisho, na mwalimu ndiye wa kwanza kulijua hilo.