Christopher Polhem
Christopher Polhem (18 Desemba 1661 – 30 Agosti 1751) alikuwa mhandisi, mvumbuzi na mtengenezaji wa saa kutoka Uswidi.

Maisha

Alizaliwa katika kisiwa cha Gotland akiitwa Christopher Polhammar. Baba yake alifariki Christopher alipokuwa na umri wa miaka minane. Baba wa kambo hakutaka kumlipia masomo, hivyo mtoto alipelekwa kwa ami yake mjini Stockholm. Huyo naye alipofariki, shule ilikoma. Kijana alifanya kazi kwa miaka kumi hivi katika shamba la Vansta, ambako alijitengenezea karakana ndogo na kurekebisha saa.

Vitabu vya elimu wakati ule viliandikwa kwa Kilatini, lugha ambayo Polhem hakuijua. Alimtengenezea mchungaji mmoja saa, naye akamfundisha Kilatini badala ya malipo. Mchungaji huyo alimwandikia barua Profesa Anders Spole wa Chuo Kikuu cha Uppsala. Spole alimpa saa mbili zilizoharibika, na alipozitengeneza akapokewa. Alianza masomo mwaka 1687, akiwa na umri wa miaka 25.

Kazi

Katika kanisa kuu la Uppsala kulikuwa na saa ya kifalaki iliyotengenezwa na Petrus Astronomus mwanzoni mwa karne ya 16. Ilikuwa imesimama kwa zaidi ya miaka mia moja. Polhem aliifanya itembee tena, na kwa kazi hiyo alianza kujulikana. Saa hiyo iliteketea katika moto wa Uppsala mwaka 1702.

Mnamo 1700 hivi alianzisha kiwanda huko Stjärnsund, jimboni Dalarna, kilichoendeshwa kwa nguvu ya maji. Kilitoa vyombo vya metali, kufuli na saa za bei nafuu. Wafanyakazi wengine walikipinga wakiogopa kupoteza ajira. Sehemu kubwa iliungua katika miaka ya 1730, lakini utengenezaji wa saa uliendelea. Baadaye, katika jimbo hilohilo, wakulima wa Mora walijulikana kwa saa ndefu za kusimama, zenye sanduku la mbao na uso uliopakwa rangi.

Mwaka 1716 mfalme Karl XII alimpandisha kuwa mwungwana, naye akachukua jina la Polhem. Alifariki Stockholm akiwa na umri wa miaka 89.