Horst Feistel

Horst Feistel (Berlin, Ujerumani, 30 Januari 1915 – 14 Novemba 1990) alikuwa mwanafizikia na mtaalamu wa usimbaji fiche, yaani elimu ya kugeuza ujumbe usisomeke ila na mwenye ufunguo. Anajulikana hasa kwa kubuni mfumo wa Lucifer katika kampuni ya IBM, ambao ulizaa kiwango cha DES cha serikali ya Marekani.

Maisha ya awali

Feistel alihamia Marekani mwaka 1934. Alisomea fizikia katika chuo cha MIT na Chuo Kikuu cha Harvard. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia aliwekwa chini ya kizuizi cha nyumbani. Alipata uraia tarehe 31 Januari 1944, na siku iliyofuata aliruhusiwa kufanya kazi za siri. Alianza kuhudumia jeshi la anga kwenye mitambo ya kutambua ndege za kirafiki na za adui.

Baadaye alifanya kazi katika shirika la MITRE. Waandishi kadhaa wa historia ya fani hii wanaeleza kwamba utafiti wake ulikwamishwa na Shirika la Usalama wa Taifa (NSA), ambalo halikutaka elimu hiyo ienee nje ya serikali.

Lucifer na DES

Akiwa IBM, Feistel alibuni njia ya kugawa data katika nusu mbili, kubadilisha nusu moja kwa kutumia nyingine, kisha kuzibadilishana nafasi na kurudia mara nyingi. Faida yake ni kwamba mtambo uleule unaweza kufunga na kufungua ujumbe. Njia hiyo huitwa mtandao wa Feistel.

Mwaka 1973 serikali ilitafuta kiwango cha kulinda data zisizo za siri za kijeshi. IBM iliwasilisha mfumo uliotokana na Lucifer, na NSA ikaukagua. Toleo mojawapo la Lucifer lilikuwa na ufunguo wa biti 128. Kwa mfumo mpya NSA ilitaka biti 48 badala ya 64, na mwishowe wakakubaliana 56. Kila biti inayopunguzwa hupunguza kwa nusu idadi ya funguo ambazo mdukuzi atalazimika kujaribu. DES ilitangazwa rasmi mwaka 1977.

Wataalamu Whitfield Diffie na Martin Hellman walilalamika kwamba ufunguo huo ulikuwa mfupi mno. Wengine walishuku kwamba majedwali ya ndani ya mfumo yalifichwa mlango wa siri. Mwaka 1994, Feistel akiwa ameshafariki, IBM ilieleza kwamba majedwali hayo yalipangwa ili kuzuia shambulio ambalo IBM na NSA walilijua tangu miaka ya 1970 lakini hawakulitangaza. Hofu ya ufunguo mfupi, hata hivyo, ilithibitika: mwaka 1998 shirika la EFF lilivunja DES kwa saa 56, likitumia mashine iliyogharimu chini ya dola 250,000.

Urithi

DES ilitumika katika benki na katika itifaki ya SSL iliyolinda tovuti za kwanza za biashara kwenye intaneti. Mrithi wake, AES, alichaguliwa kwa mashindano ya wazi na kutangazwa mwaka 2001. AES haifuati mtandao wa Feistel, lakini mifumo mingine mingi bado inajengwa juu ya muundo huo.