Rudolf Virchow: Daktari Aliyeingia Barazani

Ndugu msomaji, ukiugua unakwenda zahanati. Unapimwa, unapewa dawa, unapona. Lakini ukirudi nyumbani na kunywa maji yale yale machafu, utaugua tena. Dawa ya zahanati imekutibu wewe. Je, nani atayatibu maji? Nani atautibu mtaro unaonuka karibu na nyumba yako?

Katika sura hii utasoma maisha ya daktari mmoja aliyejiuliza maswali kama hayo zaidi ya miaka 170 iliyopita. Jina lake ni Rudolf Virchow. Alikuwa Mjerumani.

Utoto na masomo

Rudolf Virchow alizaliwa tarehe 13 Oktoba, 1821, katika mji mdogo wa Schivelbein. Wakati ule mji huo ulikuwa katika dola ya Prussia. Leo uko katika nchi ya Poland. Baba yake alikuwa mkulima, tena alikuwa mtunza hazina wa mji. Hawakuwa matajiri. Rudolf alikuwa mtoto wao wa pekee, naye alipenda sana kusoma.

Mwaka 1839 alipata nafasi ya kusomea udaktari mjini Berlin. Ada ililipwa na serikali, kwa sharti kwamba baadaye alitumikie jeshi akiwa daktari. Alimaliza masomo mwaka 1843. Kisha akafanya kazi katika hospitali kubwa ya Berlin iitwayo Charité. Huko alichunguza miili ya watu waliokufa, ili ajue ni ugonjwa gani uliowaua na uliwaua kwa njia gani.

Safari ya Silesia

Mwaka 1847 mavuno yaliharibika katika sehemu ya juu ya jimbo la Silesia. Njaa ikaingia. Baada ya njaa ikaja homa kali, ambayo leo tunajua kwamba huenezwa na chawa. Watu wengi sana walikufa. Mwanzoni mwa mwaka 1848 serikali ilimtuma Virchow aende kuchunguza. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 26.

Alikaa huko kama wiki tatu. Aliingia katika nyumba za wakulima. Aliona watu wengi wamelala katika chumba kimoja kidogo. Aliona kwamba chakula chao kikubwa kilikuwa viazi, na sasa hata viazi havikuwapo. Aliona kwamba watu walisema Kipoland, lakini maofisa na shule walitumia Kijerumani. Kwa hiyo wengi hawakujua kusoma, wala hawakuelewa wanaambiwa nini na serikali.

Serikali ilitazamia kupata taarifa ya dawa. Virchow aliandika taarifa ya namna nyingine. Alieleza kwamba homa ile imepata nguvu kwa sababu ya umaskini, njaa, ujinga na uongozi mbaya. Alitaka watu wapewe elimu kwa lugha yao wenyewe. Alitaka wajitawale katika mambo ya mahali pao. Alitaka barabara zitengenezwe na kilimo kiendelezwe. Tena alitaka mzigo wa kodi upunguzwe kwa maskini na kuongezwa kwa matajiri.

Fikiri kidogo, msomaji. Kijana ametumwa na wakubwa wake kutafuta sababu ya ugonjwa. Anarudi na kuwaambia kwamba wao wenyewe ni sehemu ya sababu hiyo. Je, wakubwa walifurahi?

Anapoteza kazi

Mwezi Machi 1848 wananchi wa Berlin waliasi wakidai haki zao. Virchow alikuwa upande wao. Mwaka huo huo alianzisha gazeti la wiki la kudai mabadiliko katika mambo ya uganga. Alieleza kwamba afya ni jambo la siasa pia, na kwamba daktari ana wajibu wa kuwatetea maskini.

Maasi yalishindwa. Mwaka 1849 Virchow alisimamishwa kazi. Baadaye alirudishwa kwa masharti, lakini aliona heri aondoke. Akaenda kufundisha katika chuo kikuu cha mji wa Würzburg. Alioa mwaka 1850. Alifanya utafiti mwingi kwa kutumia hadubini, yaani chombo kinachokuza vitu vidogo sana visivyoonekana kwa macho. Sifa zake zilienea mpaka Berlin wakamtaka arudi. Alirudi mwaka 1856, akiwa profesa. Mwaka 1858 alitoa kitabu kilichoeleza kwamba ugonjwa huanza katika chembe ndogo zinazojenga mwili. Kitabu hicho kilibadili mafunzo ya udaktari duniani.

Angeweza kutulia sasa na kula heshima yake. Hakutulia.

Diwani wa Berlin

Mwaka 1859 Virchow alichaguliwa kuwa diwani wa mji wa Berlin. Alibaki diwani mpaka alipokufa, yaani zaidi ya miaka 40. Pia alikuwa mbunge kwa miaka mingi. Bungeni alibishana sana na waziri mkuu Bismarck juu ya fedha za jeshi. Mwaka 1865 Bismarck alikasirika, akamtaka wapigane wawili kwa silaha, kama ilivyokuwa desturi ya wakubwa wa siku hizo. Virchow alikataa.

Lakini kazi yake iliyogusa nyumba za watu wengi ilikuwa ile ya udiwani. Hebu tazama hali ya Berlin wakati huo. Mji ulikuwa unakua haraka. Mwaka 1871 ulikuwa na watu zaidi ya 800,000. Maji machafu ya jikoni na ya kufulia yalimwagwa katika mitaro ya wazi kando ya barabara. Mitaro ilinuka vibaya. Kinyesi kilikaa katika mashimo yaliyochimbwa nyuani, na wakati wa usiku watu walikuja kukizoa kwa magari ya kukokotwa. Uchafu mwingine uliingia katika mto Spree upitao katikati ya mji. Mwaka 1866 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 5,000 mjini humo.

Kila mtu aliona uchafu. Ubishi ulikuwa juu ya njia ya kuuondoa, na juu ya nani alipe. Wengine walitaka uchafu uendelee kuzolewa kwa magari. Wengine walitaka mabomba ya chini ya ardhi. Wenye nyumba wengi waliogopa gharama. Nao walikuwa na nguvu barazani. Sheria ya wakati ule ilisema nusu ya madiwani, au zaidi, lazima wawe wenye nyumba. Tena katika kura, wenye kulipa kodi kubwa walikuwa na uzito kuliko maskini. Mpangaji aliyelala chini ya ardhi, chumbani penye unyevu, hakuwa na sauti kubwa.

Virchow alifanya nini basi? Hakuwatukana wenzake. Alikusanya habari. Yeye na kamati yake walipima maji ya ardhini. Walihesabu vifo, mtaa kwa mtaa na mwaka kwa mwaka. Walijaribu kumwaga maji machafu shambani ili waone ardhi inayasafisha namna gani. Kisha aliandika taarifa ndefu na kuwawekea madiwani hesabu mezani. Fundi mkubwa wa kazi hiyo aliitwa James Hobrecht. Hobrecht alishauri mji ugawanywe katika sehemu 12. Kila sehemu iwe na mabomba yake na mashine yake ya kusukuma maji machafu mpaka mashamba ya nje ya mji. Kwa njia hiyo mto usingechafuliwa tena.

Ubishi ulichukua miaka. Mwishowe, mwaka 1873, halmashauri ya mji ilikubali. Kazi ilianza mwaka huo huo. Mwaka huo pia mji uliununua mradi wa maji ya bomba uliokuwa mikononi mwa kampuni ya Kiingereza. Wenye nyumba walilazimishwa kwa sheria kuunganisha nyumba zao na mabomba ya maji machafu. Kidogo kidogo mitaro ya wazi ikatoweka. Vifo vya homa ya matumbo vilipungua sana.

Tukumbuke jambo moja. Leo tunajua kwamba kumwagilia mboga kwa maji machafu yasiyosafishwa ni hatari. Mashamba yale ya Berlin hayatumiki tena kwa kazi hiyo. Lakini wakati wake, mpango ule uliwaokoa watu wengi.

Nyama na hospitali

Virchow alishughulikia mambo mengine pia. Wakati ule watu wengi waliugua na wengine walikufa kwa kula nyama ya nguruwe yenye minyoo midogo. Virchow alikuwa mmoja wa wataalamu waliouchunguza mnyoo huo. Alidai nyama yote ikaguliwe kwa hadubini kabla ya kuuzwa. Wachinjaji wengi walipinga, kwa kuwa waliogopa hasara. Ukaguzi ulishinda. Mwaka 1881 Berlin ilifungua machinjio makubwa ya mji, mahali ambapo nyama iliweza kukaguliwa vizuri.

Aidha alihimiza mji ujenge hospitali zake wenyewe. Ya kwanza, iitwayo Friedrichshain, ilifunguliwa mwaka 1874. Alitaka wauguzi wapewe mafunzo. Alitaka pia shule ziwe na hewa na mwanga wa kutosha, ili watoto wasiugue darasani.

Je, hakukosea kamwe? Alikosea. Wataalamu wenzake walipoonyesha kwamba vijidudu huleta magonjwa, Virchow alisita muda mrefu. Hakuona upesi kwamba mafundisho hayo yangeweza kwenda pamoja na yake. Vijidudu huleta kipindupindu, na mtaro mchafu huvipa vijidudu njia. Yote mawili ni kweli.

Mwisho wa maisha yake

Mwezi Januari 1902 Virchow, mwenye umri wa miaka 80, aliruka kutoka katika tramu ya umeme mjini Berlin. Akaanguka na kuvunjika paja. Hakupata nguvu tena. Alikufa tarehe 5 Septemba, 1902. Mji wa Berlin ulimzika kwa heshima kubwa.

Sisi na habari hizi

Mwaka 1973, miaka 100 baada ya halmashauri ya Berlin kukubali mabomba, Tanzania ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana. Kisha wakachimba vyoo, wakafyeka majani, wakasafisha visima. Hakuna daktari ambaye angeweza kuwafanyia yote hayo.

Wewe sasa unajua kusoma. Unaweza kusoma taarifa ya mapato na matumizi inayobandikwa katika ofisi ya kijiji. Unaweza kuhesabu nyumba zisizo na choo. Unaweza kuandika ni watoto wangapi wa kitongoji chako walioharisha mwezi huu. Peleka hesabu hiyo katika mkutano wa kijiji. Neno lenye hesabu ni gumu kulipuuza.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini taarifa ya Virchow juu ya Silesia haikuwa ya dawa peke yake?
2. Kwa nini wenye nyumba wengi wa Berlin waliogopa mpango wa mabomba?
3. Virchow aliwashawishi madiwani wenzake kwa njia gani?
4. Katika kijiji chako, nani hupata maji safi kwa urahisi, na nani hupata kwa taabu? Kwa nini?
5. Chagueni jambo moja la afya la kupeleka katika mkutano wa kijiji. Mtahitaji kuhesabu nini kwanza?