Philibert Roux, Mpasuaji wa Kaakaa Laini

Ndugu zetu wa bendi za jeshi na polisi wanafahamu kwamba tarumbeta haipigwi kwa midomo na mapafu pekee. Nyuma ya kinywa ipo nyama iitwayo kaakaa laini, ambayo huinuka na kuziba njia ya pua kila mtu anapopuliza. Ikipasuka au kulegea, pumzi huvujia puani, mlio hufifia, na hata usemi huharibika. Leo tunamkumbuka mtu aliyethibitisha kwamba ila hiyo yaweza kutibiwa kwa sindano na uzi.

Philibert Joseph Roux alizaliwa mwaka 1780 katika mji wa Auxerre, Ufaransa, akiwa mtoto wa mpasuaji. Angali kijana alitumikia jeshi la nchi yake kama mganga. Kisha alikwenda Paris akawa mwanafunzi wa Bichat, na mwalimu huyo alipofariki mwaka 1802, Roux aliendeleza mafundisho yake.

Mwaka 1819 alikutana na John Stephenson, mwanafunzi wa udaktari kutoka Kanada, ambaye alizaliwa na mpasuko katika kaakaa laini na kusema kwake kulikuwa kwa taabu. Roux alikata shauri kuushona mpasuko huo. Tukumbuke kwamba nusukaputi haikuwapo. Etha ilionyeshwa hadharani mjini Boston mwaka 1846. Ilimlazimu mgonjwa akae macho, kinywa wazi, akijizuia kukohoa na kutapika. Roux alipitisha nyuzi kwanza, akakwangua kingo za mpasuko ili zipate kushikana, ndipo akafunga mafundo. Kidonda kikapona, na Stephenson akasema kwa sauti safi. Mwaka 1820 aliandika tasnifu yake huko Edinburgh, kwa Kilatini, juu ya upasuaji huo huo, na baadaye akawa miongoni mwa waanzilishi wa mafunzo ya udaktari mjini Montreal.

Haki yatutaka tuseme kwamba Graefe wa Berlin alikwisha kufanya upasuaji wa namna hiyo miaka michache kabla. Lakini Roux aliurudia kwa wagonjwa wengi, akauandikia kitabu mwaka 1825. Mwaka 1835 alirithi nafasi ya Dupuytren katika hospitali ya Hôtel-Dieu, na alifariki mjini Paris mwaka 1854.

Siku hizi madaktari huwatibu pia wapigaji ambao kaakaa zao si pungufu tangu kuzaliwa, bali hushindwa kuhimili pumzi, kwani kupuliza kwataka nguvu kupita kusema. Huanza kwa mapumziko na mazoezi. Yasipofaa, wapasuaji huipunguza nafasi iliyo nyuma ya kaakaa. Kwa hiyo, mpiga tarumbeta anayesikia pumzi ikimtoka puani asione haya wala asijikakamue gwarideni. Na aripoti kwa mganga wa kikosi mapema.